Mstari mwekundu juu ya mvua ya kilimani

Saa tatu kamili asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minane anapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, jicho lake likiwa sawa na mstari wa maji ndani ya chupa ya kioo. Hapumui mpaka aisome.

"Mbili na nusu," anasema, na kuandika palepale kwa penseli. Kalamu ya wino hataki kuisikia. Wino ukilowa unasambaa, penseli inabaki.

Majirani wanamwita Mama Kipimo. Kwa miaka kumi na tisa amepanda kilima hiki kila siku, kwa buti alizojinunulia mwenyewe, kupima mvua kwa ajili ya ofisi inayotoa leseni za mawasiliano.

Kazi yenyewe inaeleweka ukiwa na subira. Huku juu upo mnara, na ng'ambo ya bonde upo mwingine. Ule wa ng'ambo unarusha mawimbi ya redio hewani, huu wa huku unayapokea, na simu za watu zimo humo ndani. Kwenye kibanda chenye bati lenye kutu kuna kifaa chenye sindano, mfano wa saa ya ukutani: mawimbi yakifika vizuri sindano inasimama, yakidhoofika inainama.

"Mvua kubwa inayanywa mawimbi," anasema. "Mulika tochi kwenye mvua ya mawe uone kama mwanga utafika kwa jirani."

Vipimo vyake hupelekwa ofisini, vikatengenezwa jedwali. Kampuni ikiomba leseni, jedwali ndilo linalosema minara miwili itatosha, au lazima usimamishwe wa tatu katikati. Bonde hili lina kilomita thelathini na nne. Mnara wa katikati ni gharama, na kampuni haiutaki.

Nje ya kibanda kulikuwa na vipimamvua viwili. Kimoja ni chupa yake. Cha pili kilikuwa mashine inayojiandikia yenyewe, iliyofungwa kwa waya na lakiri ya risasi, muhuri wa kuzuia isifunguliwe ovyo. Hakuruhusiwa kuigusa. Fundi wa ofisi ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kukata lakiri, naye alikuja mara mbili kwa mwaka, akikumbuka.

Miaka miwili iliyopita nyigu waliingia kwenye mdomo wa mashine hiyo wakajenga. Mama Kipimo aliwaona wakipishana. Aliandika taarifa mara tatu: "Nyigu wapo. Njooni mfungue." Hakuja mtu.

Halafu ikaja ile mvua ya masika.

Sheria ya kazi ni kwamba mvua ikizidi, anatoka kila dakika tano kusoma chupa. Alitoka mara kumi na moja, gunia kichwani. Kwenye daftari ameandika: saa tisa na dakika kumi alasiri, milimita kumi ndani ya dakika tano. Sindano imelala. Na kila baada ya dakika tano, maneno yaleyale: sindano imelala.

Chini ya kilima, wakati huohuo, mumewe alikuwa amelazwa kwenye benchi la zahanati, ameshika kifua. Muuguzi alikuwa akipiga simu ya kuita gari la wagonjwa. Simu ya zahanati inapita kwenye mawimbi ya bonde hili, ambayo kampuni ilikuwa ikiyatumia kwa majaribio. Ilikaa kimya dakika hamsini na mbili.

"Nilikuwa naandika saa ya kufa kwa mume wangu, na mimi sijui," anasema. Anafuta miwani kwa pindo la kanga. "Nilishuka nimelowa chapachapa, nafikiria chai. Nikakuta watu wamejaa barazani, hakuna anayenitazama usoni."

Alizika, akaomboleza, akarudi kilimani. Daftari liliporudishwa kutoka ofisini, mistari yote ya alasiri ile ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni mtu ameandika: "Mvua haitoshi kulaza sindano. Kosa la msomaji."

Mashine, iliyozibwa na nyigu, ilikuwa imeandika milimita tatu pale alipoandika kumi. Na utaratibu wa ofisi ni mmoja: mkono na mashine vikipingana, inasikilizwa mashine. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mashine iliendelea kuandika manyunyu kwa saa mbili baada ya jua kutoka, maji yaliyozuiwa na kiota yakidondoka polepole.

Mwezi uliopita mhandisi kijana alikuja kuing'oa mashine, kwa kuwa utafiti umekwisha na kituo kinafungwa; chupa Mama Kipimo bado anaisoma kwa mazoea. Alipokata lakiri na kuinua mdomo wa mashine, kiota kikamwangukia mkononi, kikavu, ukubwa wa ngumi ya mtoto.

"Haya, mwanangu," Mama Kipimo alimwambia, "mkosaji wako huyo. Msalimie."

Kijana hakucheka. "Bibi, mimi nakuamini. Lakini jedwali limeshasainiwa."

"Aliyesaini alipanda huku?"

"Utaratibu, bibi…"

"Utaratibu haukulowa siku ile. Nililowa mimi."

Alichukua kiota akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mhandisi alijifanya anakunja waya.

Sasa kampuni imeomba leseni ya kudumu: minara miwili, bila wa katikati. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa zahanati. Mwenye pingamizi ajaze fomu ndani ya siku ishirini na moja. Zimebaki sita.

Jirani yake mmoja, muuza mkaa, anamtania waziwazi. "Mama Kipimo, utashindana na kompyuta kwa chupa?"

"Na wewe utapiga simu kwa mkaa siku mkeo akishikwa uchungu," anamjibu, na muuza mkaa anatafuta njia ya kupita.

Fomu inajazwa na binti yake mezani, mama akiwa amesimama nyuma. Jina limejazwa. Sababu imejazwa: mistari kumi na moja, imenakiliwa kutoka kwenye daftari, neno kwa neno. Wanafika mahali palipoandikwa "Elimu na sifa za mtoa pingamizi". Kalamu inasimama.

"Niandike nini, mama? Darasa la nne?"

Mama Kipimo anaegemea kiti cha binti. Kazi hataki irudishwe, anasema, magoti yenyewe yamechoka na kilima. Anataka waisome mbele ya watu ile mistari iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, kisha wasimamishe mnara wa katikati. Alhamisi atakwenda kwenye kikao cha kusikiliza pingamizi, na daftari mkono mmoja, kopo mkono wa pili.

"Darasa la nne andika, ni kweli," anamwambia binti. "Halafu chini yake andika: nilikuwepo."