Mlango Uliojificha Ukutani

Walimwita Mama Timazi kwa sababu ya kile kipande cha chuma chenye kamba, cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Aliurithi uashi kwa marehemu mumewe, pamoja na mwiko na timazi yenyewe, akajengea watu nyumba miaka thelathini na miwili mpaka bega la kulia likagoma. Asubuhi alichana nywele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha upumzike, maana ulikuwa na siku ndefu mbele yake.

Chuo cha ufundi cha mkoa kilipokaribia kujengwa, mafundi waliitwa kikaoni. Injinia, bwana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, akasema neno lililomwingia Mama Timazi moyoni: fundi atakayejenga karakana ya useremala bila dosari atabakizwa chuoni, afundishe uashi. Kunyoosha kidole badala ya kunyanyua tofali! Hakutaka jambo jingine duniani.

Hata hivyo ulimi haukutulia. Akaitazama ramani, akauliza, "Mashine ya kuranda mbao itapita wapi? Mlango huu, hata mtu na mkewe wakija pamoja, mmoja atangoja nje."

Watu wakacheka.

"Mama, ramani imeshagongwa muhuri," injinia akasema.

"Muhuri haupanui mlango, mwanangu."

Wakacheka tena. Soda zikagawiwa, kikao kikafungwa.

Basi akajenga alivyoelekezwa: mlango sentimita tisini, wala hakuongeza hata unene wa ukucha. Ila alipofika ukuta wa nyuma, alifanya jambo ambalo mwashi hafanyi. Matofali hupishana, la juu likikalia kiungo cha yale ya chini, ndipo ukuta ushikane. Yeye akaacha viungo vinyooke wima, mstari mmoja huku na mwingine kule, mita mbili kati yake. Sehemu ile ya katikati akaijenga kwa udongo mtupu, bila saruji.

Shemeji yake, ndugu wa marehemu, ndiye aliyemkorogea udongo. Akashika kiuno.

"Shemeji, umeanza kuzeeka? Hata kuku anaona huo ukuta haukushikana."

"Kuku hajengi. Lete udongo, na mdomo ufunge."

Juu ya ukuta ule ukapita mkanda wa zege uzungukao jengo zima, na huo ndio uliobeba mzigo wote. Kisha lipu ikafunika kila kitu. Mama Timazi akakaa na siri yake kama mtu mwenye jino bovu. Kila mkaguzi alipogonga ukuta kwa kifundo cha kidole, alimtazama uso. Akigundua, basi ni kazi mbovu, na kufundisha hakuna.

Miezi minane ikapita. Lori likaleta mashine ya kuranda, na wageni wa ufunguzi wangekuja keshokutwa. Vibarua wakaisukuma hadi mlangoni. Wakaigeuza. Wakaiinamisha. Mashine ikagoma kama punda.

Injinia akasogea pembeni na simu. Mama Timazi, aliyekuwa akisugua sakafu mita tatu tu kutoka pale, akasikia: "Ndiyo mkuu, fundi alikosea vipimo. Itabidi tuvunje."

Akayapa mgongo maneno hayo, akaenda nyuma ya karakana na nyundo yake. Bega lilimuuma hata kabla hajalinyanyua. Akachora mistari miwili kwa chaki, akabandua lipu, akakwangua udongo. Tofali la kwanza likatoka zima. Shemeji akaja mbio, akalipokea bila kuulizwa, na mara hii hakuwa na utani.

Kabla ya adhuhuri uwazi wa mita mbili ulikuwa umefunguka chini ya mkanda wa zege, na hakuna ufa hata mmoja. Mashine ikaingia, na nafasi ikabaki.

Injinia alisimama akiyatazama matofali yaliyopangwa nje. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Mchana kweupe, mbele ya watu. Mkacheka, mkanywa soda."

Injinia akatoa simu, akapiga palepale mbele yake. "Mkuu, nisahihishe nilichokwambia. Kosa lilikuwa kwenye ramani, tena tulionywa. Fundi ndiye aliyetuokoa." Akamgeukia. "Mwalimu, sasa kingo hizi tutazimaliza vipi? Wageni keshokutwa."

Mama Timazi aliisikia ile "mwalimu". Alikuwa ameingoja miezi yote hiyo, akidhani siku ikija atapiga kigelegele. Lakini kifua hakikuwa na pumzi ya kigelegele.

"Niletee kiti," akasema.

Kiti kikaletwa. Akaketi, mkono wa kulia mapajani kama kitu cha mtu mwingine, akamrushia shemeji yake mwiko kwa mkono wa kushoto.

"Mimi tena?" shemeji akalalamika. "Na mvi hizi?"

"Wewe ndiye mwanafunzi wa kwanza. Koroga, na safari hii tia saruji."

Akanyoosha kidole.