Shemeji karudisha shamba la mjane mbele ya kamera iliyozimika

Wakuu, habari za leo. Mwezi uliopita huku Kagerankanda, Kasulu, mzee mmoja alirudisha shamba la mjane wa kaka yake mbele ya kamera. Kamera ilikuwa imezimika. Yeye hajui mpaka sasa.

Nilikuwepo. Siongezi chumvi.

Nilikuwa mkalimani wa dada mmoja Mmarekani mweusi, anaitwa Joy. Anatengeneza documentary kuhusu utamaduni na haki za watu weusi, na alitaka kisa cha Mama Stefano, ambaye tangu afiwe na mume shamba linalimwa na shemeji yake, Mzee Filbert.

Tumeshuka tu kwenye gari nyumbani kwa Mama Stefano, watoto wakaanza: "Mzungu! Mzungu!"

Joy akaniambia waeleze, mimi ni mweusi kama wao. Nikaeleza. Mama Stefano akamwangalia juu mpaka chini.

"Rangi naiona, mwanangu. Uzungu uko kwenye viatu."

Joy alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa tatizo. Kwa sisi Waha, mtu hapiti nyumbani kwa mwenzake kimya. Anasimama, anainama, anapiga makofi taratibu, "Mwakeye," halafu anauliza watoto, ng'ombe, maharage, na wewe unajibu vyote. Mahojiano yakianza tu, mtu huyo. Mama Stefano anaacha kesi, anapiga makofi.

Nikamshauri Joy azime kamera kwanza. Akakataa, eti huu ndio utamaduni wenyewe.

Habari zikasambaa. Watu wakaanza kuzunguka kwa nyuma ili wapite tena. Kuna mama alisalimia mara tatu, kila mara na kitenge kipya!

Betri ikafa. Ya akiba tumeiacha gesti Kasulu mjini.

Hapo hapo Mzee Filbert akatokea, na koti la suti, jua kali. Joy akaninong'oneza: "Usimwambie." Akabaki ameinamia kamera. Nami simu sikuitoa, maana angeshtuka.

Baada ya salamu (ndefu kuliko zote), mzee akatangaza: "Watu wanasema nanyang'anya wajane. Mimi? Shamba la marehemu ni la shemeji yangu. Dunia nzima isikie!"

"Imesikia, shemeji," akasema Mama Stefano. "Itajie na mpaka."

Akataja! Kutoka migombani mpaka kwenye mtaro. Watu wakapiga vigelegele.

Kesho yake mama akapanda maharage.

Ila kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee anasema atasaini karatasi ya kurudisha shamba akishajiona kwenye filamu. Joy kesharudi kwao. Nilimwomba mzee aseme tena nimrekodi kwa simu, akanijia juu: "Nirudie kwani nilidanganya?"

Nilichojifunza: ukija kushuti huku Uha, beba betri za salamu na betri za kazi. Usichanganye.

Wanasheria humu, naomba mnisaidie: mashahidi waliosikia wanatosha, au bila maandishi ni bure? Wengine mnaruhusiwa kucheka, ila mshauri pia.

Jana mzee kapita pale shambani, kauliza kama koti limeonekana vizuri.

"Limekutoa sana, shemeji," mama akamjibu, huku anapalilia.

Maharage yameshatoa maua. Mzee hajasaini.