Mama mkwe alinikuta na boksa, sasa anataka kuwachukua watoto wangu

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala mtaa. Watu wengi hapa Kitale nawashonea nguo, na sitaki mteja anikabidhi kitambaa huku akinicheka.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, Mbukusu, fundi wa kushona. Mke wangu ni nesi, na tangu ahamishiwe Bungoma anarudi nyumbani wikendi tu. Kwa hivyo mimi ndiye nashinda na watoto: Nekesa, msichana wa miaka mitano, na Simiyu, ambaye hajafikisha miwili. Majina hayo nimewapa hapa tu, si yao. Cherehani niliihamishia sebuleni ili niwe nao.

Wanaume wenzangu, kulea watoto ni uchafu, na hakuna aliyeniambia. Nilifikiri ni kununua maziwa na kuwabeba mabegani Jumapili. Sasa naamka na kamasi kwenye shavu, na si yangu. Simiyu anatafuna ugali mpaka unakuwa uji, anautoa, ananisukumia mdomoni. Nikikataa analia mpaka majirani wanatokea. Nameza. Juzi mteja alibisha, nikaingiza mguu kwenye kiatu haraka haraka, nikakuta kitu laini na chenye joto. Nilisimama pale nikitabasamu, nampima yule mama kiuno, vidole vyangu vya mguu vimezama kwenye mavi.

Kila jioni nampigia mke wangu simu namlalamikia. "Mama Nekesa, nimechoka na hii mavi. Hata chai nikinywa nasikia harufu." Yeye anacheka. "Pole bana, utazoea." Sijazoea.

Sasa Jumatatu wiki hii, Simiyu aliokota mapera mabichi akala, akaanza kuhara. Nikamweka kwenye karai nyuma ya nyumba nimuoshe. Kumwinua tu, akanitapikia kifuani, matapishi yakateremka mpaka kwenye suruali. Nikavua shati, nikavua suruali, nikabaki na boksa, maana ploti yetu ina ua na nilijua tuko peke yetu. Kugeuka kuchukua sabuni, mtoto amechomoka, uchi, mavi yanamtiririka miguuni, anaelekea getini. Nikamkimbiza. Nikamdaka pale pale, na geti likafunguka.

Alikuwa mama mkwe. Ametoka Bungoma bila kutuma habari, na kuku kwapani.

Kama wewe si Mbukusu, acha nikueleze. Mama mkwe simsalimii kwa mkono. Hatuketi chumba kimoja, hatuli pamoja. Tangu nioe nimemwona kwa mbali tu, tena mimi nikiwa nimevaa koti. Siku hiyo aliniona na boksa iliyopasuka, matapishi kifuani, na mtoto ananipaka mavi tumboni. Alipiga yowe, akajifunika leso kichwani, akanigeuzia mgongo.

Nikaingia ndani, nikajifuta, nikavaa. Mama mkwe alikataa kuingia. Akaketi nje, mgongo kwangu, akamchukua Simiyu akampakata. Mimi nikasimama mlangoni nikitazama upande mwingine, tukaongea kupitia kwa Nekesa, ambaye nyanya yake humwita kukhu.

"Uliza baba yako, msichana wa kazi ako wapi?"

"Baba, kukhu anauliza msichana wa kazi ako wapi."

"Mwambie hatuna. Kazi nafanya mimi."

Nekesa akageuka. "Kukhu, msichana wa kazi ni baba."

Kabla sijarekebisha hiyo, Simiyu akatapika tena. Matapishi yakapitia puani, pua ikaziba, macho yakamtoka, hapumui. Nyanya yake akabaki akimwita Mungu. Nilisahau mila. Nikamnyakua pale mapajani mwa mama mkwe, nikampindua, nikampiga mgongoni. Wapi! Nikaweka mdomo kwenye pua yake, nikafyonza, nikatema, nikafyonza tena. Ladha yake sitaieleza, pengine kuna mtu anakula. Mwishowe akalia. Nikaketi chini kwenye matope nikiwa nimemshika, kisha nikatapika mimi pia.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa ananitazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe. Nilidhani atanishukuru. Akaniambia mwenyewe, bila kumtuma mtoto: "Binti yangu amekufanya nini? Mimi nimezaa saba na hiyo sijawahi kufanya. Inanitia kinyaa kuona mwanaume akifanya hivyo."

Akamwachia Nekesa yule kuku, akaenda.

Jioni mke wangu akapiga simu. "Mama anakuja Jumamosi kuwachukua. Watakaa kwake, watakuwa karibu na mimi. Si umechoka?"

"Hiyo ni maneno tu, bana."

"Ati maneno? Kila siku, Baba Nekesa. Mimi nilikuwa nasikia."

Na mke wangu si mtu mbaya. Watoto ni wake pia, na kule Bungoma analala peke yake akitazama picha zao kwenye simu. Mama mkwe siwezi kwenda kumsihi, kwa sababu wazee wa ukoo wanasema kwanza ile aibu ya getini isafishwe kimila. Nekesa mwenyewe amefurahi, ameambiwa kukhu ana ndama.

Nimeambiwa nipange nguo zao. Nimezifua, nimezianua, zimekaa kwenye kiti.

Ndugu zangu, mimi mavi siyapendi, na sitawahi kuyapenda. Lakini jana mchana jirani aliwachukua wote wawili wakacheze na wake. Nikapiga deki, nikaanika matandiko, nikafungua madirisha. Nyumba ikawa safi, kimya, hakuna harufu yoyote. Nikaketi kwenye cherehani nishone, na kichefuchefu kikanipanda kuliko siku zote hizi.

Jumamosi ni kesho kutwa. Niwazuie na mama yao awakose, au niwaache waende? Nyinyi mliolea, niambieni. Mwenye matusi pia atukane, lakini aniambie la kufanya.