Nyota Zilizozibwa kwa Wino

Jumamosi, 13 Julai 1996, saa mbili usiku, Eustaki Kapele, mpiga picha za pasipoti wa Malangali, Sumbawanga, alifungua kamera aliyoifunga kwenye darubini ya parokia, akaiacha wazi dakika ishirini huku akizungusha skrubu kwa vidole ili chombo kifuate nyota. Alilenga kundi la nyota ambalo kwa macho matupu ni kama doa la ukungu. Filamu siku hizo zilijaa madukani, naye alikwisha kuharibu tano. Padri Fransisko alikuwa amesema wazi: Jumatano saa sita mchana darubini inakwenda Mbeya kuuzwa, isipokuwa kwanza aonyeshwe picha ya nyota iliyopigwa nayo.

Jumanne Eustaki alisafisha filamu, akachapa picha moja kubwa, akaianika. Usingizi haukuja kwa furaha. Asubuhi alipeleka darubini parokiani kama alivyoagizwa, na aliporudi kuchukua picha alimkuta mkewe, Bertilla, akiosha brashi. Studio yao ilisifika kwa mkono wake: hakuna picha iliyotoka na doa jeupe la vumbi kabla hajaliziba kwa wino mweusi.

“Hii nayo ilikuwa chafu, baba Cornelia,” alisema. “Nimeanza alfajiri. Sasa hakuna hata doa.”

Hapakuwa na hata nyota.

Alipoelezwa, Bertilla alishika mdomo, kisha akauliza filamu iko wapi. Ilikuwapo, nzima. Kilichokosekana ni umeme, na ilikuwa saa nne na nusu.

Ni Bertilla aliyebeba kioo cha wateja hadi uani. Eustaki alichomoa balbu ya mashine ya kukuzia picha, akazibua tundu la ukuta wa chumba cha giza, na jua likarushwa na kioo hadi juu ya filamu.

“Inua. Shusha kidogo. Hapo hapo, usipumue.”

Karatasi ilizama kwenye dawa. Weusi ulianzia pembeni ukasogea katikati, na nyota zikabaki, mamia kwa mamia, zimesongamana kama ulezi kwenye ungo. Walikimbia nayo parokiani ikiwa mbichi.

Kasha la darubini lilikwisha kupakiwa garini. Padri aliitazama picha, akauliza kama si vumbi.

“Padri, vumbi nalijua mimi,” Bertilla alijibu. “Hizi nimeziziba asubuhi nzima, hadi macho yakauma.”

Padri alicheka, akamwambia dereva ashushe kasha. Darubini itabaki Malangali hadi mvua zianze, na Ijumaa Eustaki atalenga kundi jingine.