Siku Papa Kalenga Alipomsikia Simba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililonipwaya mabegani, na kabla sijafunga vifungo mkuu wa wauguzi akaniita kwenye chumba cha bibi mmoja aliyepooza. "Usimguse mtu kabla hujamwambia unachotaka kufanya," alisema. "Hata kama unadhani hasikii." Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika nyumba ya wazee huko Ganshoren, mtaa mmoja wa Brussels, Ubelgiji. Nilikuwa nimetoka Bukavu kama mkimbizi, na bado nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Kosa moja kubwa, na kazi imekwisha.

Kazi yetu sisi wahudumu ilikuwa ya mikono. Tuliwaosha wazee, tukawalisha, na wasioweza kujigeuza tuliwageuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke ikafanya vidonda. Yote tuliyaandika kwenye daftari la zamu, ili mwenzako wa jioni ajue nani amekula na nani amekataa.

Kati ya wazee wale Mwafrika alikuwa mmoja tu, Papa Kalenga, mwalimu mstaafu kutoka Lubumbashi. Kisukari kilikuwa kimemwondolea macho yote mawili, na alitembezwa kwa kiti cha magurudumu.

Vuli ile ikapangwa safari ya basi kwenda bustani moja ya wanyama, mwendo wa saa nzima nje ya Brussels, penye simba na chui milia. Wazee wakatutania mimi na Papa Kalenga kwamba sisi tutachoshwa, wanyama hao tumekua nao. Siku ya utani huo, nikimpaka mafuta miguuni, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Maman, miye nilifundisha batoto miaka makumi tatu, S ya simba. Picha ilikuwa mu kitabu. Simba yenyewe sijaiona hata siku moja. We uliiona?"

"Hapana, Papa. Kwetu niliona mbuzi."

Tulicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Nataka kwenda."

Nilimpelekea mkuu ombi lake, akakataa. "Bon, kipofu mwenye moyo dhaifu atafaidi nini kule? Abaki."

Sijui ujasiri niliupata wapi. "Madame, anataka kwenda. Nitamsukuma mimi."

Akaliandika jina lake kwenye orodha ya safari. "Alors, likimpata jambo, utajibu wewe."

Tulipofika, simba walikuwa wamelala mbali, nyuma ya uzio na handaki, wamejilaza kama magunia. Baridi ilikuwa kali. Wazee walitazama kidogo, wakaondoka na mkuu kwenda mkahawani. Papa Kalenga akakataa kuondoka.

"Tungoje kidogo, maman."

Nikamwongezea blanketi la pili, nikafunga breki za kiti chake cha magurudumu. Tulingoja hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Ndipo dume mmoja akainuka.

"Ameamuka, Papa. Anakuja."

"Uniambie vile iko."

"Kichwa ni kikubwa sana. Manyoya ya shingo ni meusi chini, juu ni kama majani makavu. Miguu ni mipana kama sahani, lakini sisikii hatua."

"Na macho?"

"Rangi ya asali. Hayatuangalii. Yanatazama mbali, ni kama hatuko."

Simba akasimama, akainamisha kichwa, tumbo likajikaza, akanguruma.

Nilidhani mngurumo ni kitu cha masikio tu. Ule uliingia kwa nyayo. Kiti kilitetemeka mikononi mwangu, na pumzi ya simba ikatoka kama moshi. Papa Kalenga alishika kifua. Nikapiga magoti, nikatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yalikwenda mbio, lakini sawasawa. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Papa, unaumwa?"

"Nyamaza, maman. Iko inaingia mu mifupa."

Simba akanguruma tena. Nilibaki nimepiga magoti, na siwezi kusema kama ni kwa ajili ya mapigo au kwa ajili ya simba.

Mkuu akaja mbio kutoka mkahawani, koti wazi. Alifungua kinywa kunikemea, na mngurumo wa tatu ukamkuta hapo hapo. Akaushika mgongo wa kiti.

"Mapigo?" aliuliza baadaye.

"Mazuri, Madame."

"Bon. Tukae kidogo."

Wakati wa chakula cha jioni, wazee wenye macho yao waliacha vijiko wakamsikiliza kipofu akiwaeleza manyoya meusi na miguu ya sahani. Kwenye daftari la zamu mkuu aliandika kwa mkono wake: "Kalenga amekula vizuri. Amemsikia simba." Miezi ya majaribio ilipokwisha, alinipa mkataba bila kuniuliza neno.

Baadaye nilihamia hospitali, kisha nikahudumia wagonjwa majumbani mwao, mpaka magoti yaliponistaafisha. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine za kuwainua wagonjwa, na ni vizuri, mgongo wangu ungezipenda. Lakini mzee akikuambia anataka kwenda mahali, usianze kwa kupima alichopoteza. Mimi nilikuwa na macho mazima, na bila yule kipofu ningekwenda kunywa kahawa na wengine.