Sifuri ya Babu Filimbi

Wewe ukiambiwa kuwa watoto wa shule ya mtaani kwako hawatajengewa njia salama kwa sababu hakuna aliyekufa bado, utasema nini?

Babu Filimbi, bawabu wa shule ya msingi, aliuliza tu kama choo cha walimu kimepata maji. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amemsomea barua, akajua mzee ameumia.

Barua ilitoka idara ya barabara ya jiji. Fedha za njia za waenda kwa miguu na baiskeli zilikuwepo, ila zingeanzia penye hatari zaidi. Mbele ya shule hiyo, kwa miaka kumi na minne, ajali zilizoandikishwa zilikuwa sifuri.

Sifuri hiyo ilikuwa jasho la mzee. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alitoka langoni, filimbi mdomoni na mpini wa ufagio wenye kitambaa chekundu mkononi, akajitoma katikati ya malori kama mtu mwenye roho ya akiba. Dereva akimtukana, alimjibu, "Asante baba, nisalimie mama aliyekulea!" Wenye baiskeli aliwashusha wote, wakamfuata wakizikokota kama vifaranga. Alijua nani breki zake zimekufa, nani kampakia mdogo wake kwenye keria, nani hajanywa chai. Jiji lilimlipa alinde vitasa na mabomba. Sasa jiji hilohilo linawaadhibu watoto kwa kuwa aliwalinda na wao!

Mchana mkewe alimletea chakula kibandani.

"Kesho kaa ndani," mkewe akasema. "Si wanataka ajali? Waione."

"Wewe bibi, hata kwa mzaha usiseme hivyo."

"Nani anatania? Goti lako hilo, ukijaliwa sana, lina mwaka mmoja. Ukilala kitandani, watoto watavushwa na hao wenye barua?"

Babu Filimbi alikula matonge mawili, akafunika sahani. Saa tisa alikuwa mbele ya meza ya mhandisi aliyetia saini barua ile, kijana mwenye tai, mpole wa maneno.

"Mwanangu, hiyo sifuri ni yangu."

"Nakuelewa, mzee. Lakini mimi naangalia takwimu."

"Basi njoo kesho asubuhi uvuke. Peke yako, na baiskeli."

Mhandisi akacheka. "Mzee, barabara nimezisomea miaka mitano."

"Ndiyo maana nakualika wewe. Asiyesoma ningemwonea huruma."

Asubuhi iliyofuata mhandisi alifika na baiskeli ya kuazima. Babu Filimbi aliwavusha watoto wote kwanza. Hao hawakuwa wa kufanyia majaribio. Kisha akarudi langoni, akaitia filimbi mfukoni, akaegemea ukuta.

Upande wa pili, mhandisi aliingiza gurudumu la mbele barabarani. Lori likampigia honi, akalirudisha. Akaliingiza tena, basi likapita likiipeperushia tai yake begani, akarudi hadi ukingoni mwa mtaro. Watoto waliojazana langoni wakaanza kumhesabia kwa sauti kila anaporudi nyuma. Walifika kumi na moja ndipo kengele ikalia, wakaenda madarasani shingo zimegeuka. Mara mbili mguu wa mzee ulitangulia wenyewe kumfuata, akauzuia.

"Mzee!" mhandisi akapaza sauti. "Mzee wangu, njoo univushe!"

"Subiri kidogo, naangalia takwimu!"

Lakini alikuwa ameshashuka barabarani akichechemea, kitambaa juu, na malori yakasimama. Walivuka taratibu, kwa mwendo wa goti lile. Katikati ya barabara mhandisi aliachia usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja, akamshika mzee kiwiko, na hakukiachia hadi langoni.

Pale alitoa kijitabu na kalamu.

"Siku usipokuja kazini, mzee, nani huwavusha?"

Babu Filimbi alifikiri, kama aliyeulizwa jambo geni.

"Sijawahi kukosa."

Mhandisi akaliandika hilo, akalipigia mstari mara mbili.