Beki Aliyekaa Eda

Nakumbuka asubuhi moja ya mwisho wa masika, mwanangu, nimelala nimejifunika shuka gubigubi ilhali jua lishapanda, na chini ya dirisha letu pale Mkunazini watu wa barazani wanalitaja jina langu. Hawakulitaja kwa uzuri. Juzi yake nilikuwa nimejifunga bao katika fainali.

Nakueleza haya kwa sababu mama yako alinipitia jana baada ya alasiri. Kaniambia tangu mechi ile uliyojifunga bao umezima simu kwa matusi ya watu, njumu umezitupa juu ya kabati, na unataka kukimbilia Kendwa kutafuta kazi ya hoteli. Kazi ya hoteli ni ya heshima, sina neno nayo. Lakini mtu huenda kazini, haendi mafichoni. Na mafichoni napajua, maana nimelala chini ya shuka hilo kabla yako.

Watu wa leo wananijua kama beki mstaafu mwenye magoti mabovu, anayeshuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Wanajua nilivuka Bara nikacheza mpira wa kulipwa, nikafika hadi Uarabuni, nikavaa kitambaa cha unahodha. Hawajui kwamba yote hayo nusura yafie chumbani kwa bibi yangu, mimi nikiwa na umri kama wako.

Bao lenyewe lilikuwa hivi. Mechi inakaribia kwisha, hakuna aliyefunga. Walitushtukiza, nikakimbia kurudi kutoka katikati ya uwanja. Krosi ikaja ya chini, kali, na mshambuliaji wao yuko nyuma yangu ananyoosha mguu. Nikapeleka wangu niutoe mpira nje. Ukanigonga kwenye ugoko, ukampita kipa wetu Seif, ukaingia. Seif alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, tukisomea msahafu mmoja. Alikaa kwenye nyasi, hakunitazama.

Baba yake, Mzee Shaame, alikuwa fundi viatu pale Darajani. Njumu zetu sote zilipita mikononi mwake. Ukimpelekea kiatu kilichofumuka, hukurudishia kimeshonwa, pamoja na maneno mawili matatu ya kukukanya uchezaji wako. Siku ya fainali alikuwa ameugua kitandani muda mrefu, na mechi akaisikiliza redioni. Basi asubuhi hiyo ninayokueleza, kipaza sauti cha msikiti kikatangaza kwamba Mzee Shaame amefariki, na anazikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Barazani wakaitikia inna lillahi. Kisha mmoja wao akasema, pengine si kwa ubaya, lakini ulimi hauna mfupa: "Bao lile ndo lilommaliza mzee wa watu."

Maneno yale yalinichoma, mwanangu. Nikaapa sitoki. Nitakwendaje kumzika mtu ambaye mtaa unasema nimemuua, na mwanawe ndiye kipa niliyemfunga?

Adhuhuri ilipokaribia, bibi yangu Bi Mwanakhamis, aliyenilea, akaingia bila ya hodi. Yeye aliniita mume wake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu.

"We mume wangu, unakaa eda?"

Nikageukia ukutani.

"Nnakuuliza. Eda hukaa mke alofiwa na mume. Mimi mkeo niko hai, we unamkalia nani?"

"Bibi, siwezi kwenda. Watu watanitazama."

Utani ukamtoka usoni. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema polepole: "Makame, maiti ana haki yake kwako, na haki hiyo haina mpira. Usipokwenda kumzika Shaame leo, mimi nkifa usije ukanizika. Ntakuwa nshajua kuwa bega lako hutoka siku za kushangiliwa tu."

Nikaoga, nikavaa kanzu. Sijapata kuziona ngazi za nyumba yetu kuwa ndefu vile.

Unajua jeneza linavyobebwa kwetu. Hakuna anayelibeba toka msikitini hadi makaburini peke yake. Kila mtu hutia bega hatua chache, kisha wa nyuma yake anampokea. Mimi nilijibanza kwenye kona ya duka la vitambaa, ambalo mwenyewe, mzee wa Kihindi, alikuwa amerudishia mlango nusu na kusimama kwa heshima. Niliazimia kufuata kwa mbali. Nionekane na Mungu, nisionekane na watu.

Jeneza likafika kwenye kona ile. Mbele, upande wa kulia, alikuwa Seif, na macho yake yakanikuta. Dhikri haikukatika, lakini niliona shingo zinageuka. Nikatamani ukuta unimeze.

"Makame," akasema Seif, kwa sauti ileile aliyozoea kutupanga nayo mabeki wake. "Pokea."

Nikapenya, nikatia bega. Yeye hakwenda mbali, alitembea ubavuni mwangu. Mimi ni mrefu, na mrefu akijinyoosha uzito wote huwaelemea wafupi, kwa hiyo nikakunja magoti mpaka jeneza likakaa sawa. Nililia, tena sikujali nani ananitazama. Mbele kidogo mkono ukanigusa mgongoni. Alikuwa yule yule aliyesema barazani.

"Lete nkupokee, Makame," akasema, na yeye macho yamemwiva.

Tulipokwisha kutia udongo, Seif akanivuta pembeni. "Wanasema mechi imemuua baba. Baba alicheka, wallahi. Kasema, 'Mwambie Makame, beki asojifunga ni yule asokimbia kurudi.' Jana nlikuja kukwambia. Nkagonga, hukufungua."

Fikiri hapo, mwanangu. Maneno yaliyonipa uhai yalikuja hadi mlangoni kwangu, na mimi nimejifunika shuka nikidhani anayegonga amekuja kunitukana.

Nilirudi mazoezini. Walinizomea kwa muda, kisha wakachoka, maana midomo nayo huchoka. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimerejea mapumzikoni kutoka Uarabuni, Bi Mwanakhamis akafariki. Nilishuka kaburini mwenyewe nikampokea kwa mikono yangu, na aliyekuwa juu akinishushia ni Seif. Nilimlaza mke wangu wa utani, na moyoni nikamwambia: nimekuja, bibi.

Siku hizi magoti hayakubali. Jeneza likipita naligusa kwa kiganja tu, vijana wanaendelea nalo.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wanaokutukana kwenye simu, mzigo wa mwenzio kwao ni kanda la usufi, na wengi wao hawajawahi kukimbia kurudi golini katika maisha yao. Wewe ulirudi. Mpira ukakugonga kwa sababu ulikuwapo pale pa kugongwa. Basi fungua mlango, kwani hujui nani anagonga na amebeba nini. Nenda ukamwamkie kipa wenu kabla hajakutafuta. Penye maziko nenda, penye mgonjwa nenda, hata siku ambayo jina lako limechafuka. Siku hiyo hasa ndiyo nenda. Na kesho akiteleza mwenzio ukamwona amejibanza kwenye kona, usimtazame ukapita. Mwite kwa jina lake, mpishe, mwambie apokee.

Zishushe njumu kutoka juu ya kabati, mwanangu. Hukufiwa, na eda haikuhusu.

Mungu akupe pumzi ya kurudi kila unapopitwa, akujaalie wa kukupokea unapoelemewa, na siku yako ikifika, mabega yasikose. Amin.